Sharifu wa Shamba la Mawe

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Siku kubwa Kigombe. Kampuni ya umeme wa jua inataka kukodi eneo lote la nyuma ya kijiji, na shamba langu limo. Shamba hili! Mawe na miiba, hata mbuzi hulipita bila kugeuka. Mhandisi Benedikta amesema mkutanoni kwamba paneli hazitaki rutuba, zinataka jua, na umeme utaendesha mtambo wa barafu, samaki wasituozee tena. Nikasimama nikawaambia watu nilijua siku zote. Mke wangu Asmahani akakohoa.

Jumanne, 5 Agosti
Shamba la jirani yangu Sabiri nalo limo. Anatembea kama mkuu wa wilaya. Haiwezekani tulipwe sawa. Nasikia penye kaburi kuna fidia ya ziada. Kaburi sina. Mawe ninayo tele.

Jumatano, 6 Agosti
Kaburi limekamilika. Zuri mno. Shuka jeupe, bendera ya kijani, ubani kidogo. Nimetangaza ni la babu wa babu yangu, sharifu kutoka Hadhramaut. Asmahani anasema babu zangu wote ni Wadigo na wamezikwa Moa. Mwanamke huyu hajui biashara.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala watu wamekuja kuzuru. Wamesoma dua, wamemaliza mchele wangu. Sabiri alilia kweli kweli. Hata mimi nikaanza kumkumbuka marehemu.

Jumatatu, 11 Agosti
Benedikta amekuja kupima. Nikamfikisha kaburini mwenyewe. Akavua viatu, akasema kampuni haigusi mahali patakatifu, mpaka wa mradi utasogezwa. Shamba langu lote nje! Pengo litajazwa na kiwanja kingine cha Sabiri. Nikamweleza kuwa marehemu hakuwa mtu wa makuu, atahama. Akakataa. Isipokuwa niape mbele ya wazee kwamba hapajazikwa mtu.

Jumatano, 13 Agosti
Siku ya kutia saini. Asmahani alinisihi niseme kweli, anataka friji auze barafu za ubuyu. Nikasimama niseme. Wazee wote wakainuka kwa heshima, wakaniita mjukuu wa sharifu. Maishani mwangu hajawahi kuinuka mtu kwa ajili yangu. Nikawaombea dua, nikakaa. Moyo umejaa fahari hadi sasa.
Asmahani amekwenda kwa mama yake Pongwe, hakuaga. Nasikia kampuni itapima na huko, na shamba la mama mkwe limo. Kesho nawafuata. Bila mtu anayejua mambo ya fidia, watapunjwa.