Ombi la Kufuta Harusi ya Shangazi kwenye Kompyuta Uliyotuletea

Kwa Baba Mkubwa mpendwa, Mtoaji wa Kompyuta na Mwandishi wa Karatasi Iliyobandikwa Juu Yake,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mkubwa. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa kompyuta.

Najua ningeweza kupiga simu. Lakini simu inataka mtu aanze yeye kusema haloo, halafu aulizwe "Nani mwenzangu?", na mimi hapo huwa nakata. Zile simu tatu za kimya ulizopokea Jumapili zilikuwa zangu. Samahani.

Shida yenyewe ni hii. Mwalimu wetu wa lugha, tunayemwita Nukta kwa sababu humaliza kila agizo kwa kusema "nukta", amenichagua niwakilishe shule kwenye kongamano la wanafunzi. Sijui nilimkosea nini. Natakiwa nitume video ya dakika tatu nikijieleza, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Nisipotuma, nafasi inakwenda kwa mwenzangu wa dawati, ambaye huongea hata akiwa anatafuna. Na kila nikibonyeza kurekodi, kompyuta inasema imejaa.

Karatasi yako bado iko juu ya skrini, mwaka wa tisa sasa: KITU CHOCHOTE KISIFUTWE BILA IDHINI YANGU. Kwa hiyo naomba idhini, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mama ana video ya harusi ya Shangazi, nakala kumi na moja. Kila umeme ukikatika hutengeneza nyingine, ili ikipotea hii ipatikane ile. Nilipomweleza kwamba zote zimo ndani ya kompyuta moja, na ikifa zinakufa pamoja, aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, ndiyo maana ni kumi na moja."

2. Baba ana picha 1,914 za gari moja jeupe, la jirani aliyekuwa akiegesha mbele ya geti letu. Ni ushahidi. Jirani alihama miaka minne iliyopita, lakini Baba anasema kesi nzuri haina haraka. Picha mia mbili za mwisho hazina hata gari. Zinaonyesha mahali ambapo gari lingekuwepo.

3. Babu. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Babu anahifadhi vitu vyake ndani ya pipa la taka la kompyuta. Masimulizi yake ya miaka thelathini ya kuendesha lori, aliyoyarekodi kwa sauti yake mwenyewe, sura ya kwanza hadi ya sitini na mbili, yote yamo humo. Anasema kwenye skrini nzima pipa ndicho kitu pekee anachokitambua, halafu hakuna mwizi anayeiba taka. Akitaka kusikiliza anabonyeza "rudisha vyote", akimaliza anavitupa tena vizuri, kimoja kimoja. Sisi ndiyo nyumba pekee ninayoijua ambayo ukimwaga taka umemfuta babu mzima.

4. Mimi sina kitu humo, ila folda moja ya marudio ya Kemia, ambayo sikuona haja ya kuikagua.

Nimefikiri sana, na napendekeza hivi. Harusi tuihamishie vichwani. Kila ndugu akabidhiwe dakika nne za harusi, azikariri, na awe tayari kuzionyesha akiombwa. Wewe upewe pale ulipocheza hadi kiatu kikaruka. Mimi naomba sehemu ya kukata keki, ambapo hakuna anayesema. Nilimuuliza Shangazi, akajibu kwamba hana kipingamizi, ila kama ndiyo hivyo bora harusi irudiwe kabisa, tena safari hii kwa gauni alilolitaka yeye. Nimeliona hilo lina mantiki: harusi ikifanyika kila mwaka, video ya nini? Mume wake bado hajaulizwa.

Kuhusu gari, Baba amekubali kufuta picha endapo atapata gari lenyewe la kuangalia. Jirani yule anakaa mitaa miwili tu kutoka hapa. Nimepitisha barua chini ya mlango wake kumwomba aje kuegesha pale pale, asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa.

Kuhusu Babu, napendekeza pipa libaki lake, na sisi wengine taka zetu tuziweke kwenye folda ya Nyaraka Muhimu, ambako kwa kweli ndiko ziliko.

Na kwa kuwa barua haioni uso wangu, niseme jambo moja. Kompyuta ilipokataa mara ya kwanza nilifurahi. Nilimwandikia Mwalimu kikaratasi kwamba mashine imejaa, nikakiacha mezani kwake, nikakimbia. Akanikuta koridoni akasema, "Basi ipunguze. Nukta." Tangu hapo nimegundua kwamba naitaka ile nafasi, tena sana, na hilo linanitisha kuliko kuikosa.

Nisalimie Mama Mkubwa, mapacha, yule paka mwenye hasira, na fundi wenu wa viatu kama bado ananikumbuka. Asiponikumbuka, usimsumbue.

Ni mimi binti yako, wa pili kutoka mwisho, yule asiyeongea.

Nyongeza, Ijumaa jioni. Barua ilikuwa bado inasubiri stempu. Jana nilipanga folda zote kwa ukubwa, na iliyovimba kuliko zote ni Kemia. Hakuna Kemia humo. Kuna video 212 nilizoficha humo, za mimi nikijaribu kujieleza, nyingi zikiishia kwenye jina langu. Ya 213 ndiyo iliyokataliwa.

Nilizitupa zote pipani kimya kimya, nikaenda kuoga. Babu akaja kusikiliza sura ya arobaini, akabonyeza "rudisha vyote". Nilipotoka, nyumba nzima ilikuwa imekaa mbele ya skrini na wamefika ya 160. Nikataka kurudi bafuni. Babu akasema, "Njoo ukae hapa, dereva, unatuchelewesha." Wakachagua ya 163, ile ninayosahau Kiingereza, nikacheka, kisha nikakikumbuka. Leo saa tano na nusu nimeituma mwenyewe, macho nimefumba. Mwalimu amejibu neno moja: "Nukta!"

Mama ameshaomba nakala kumi na moja za video yangu. Jirani ameleta gari, Baba yuko nje anapiga picha. Kompyuta bado imejaa pomoni. Kwa hiyo nakuomba usitoe idhini yoyote. Kitu chochote kisifutwe.

Na Jumapili simu yako ikiita ikawa kimya, tafadhali usikate. Nipe nafasi kidogo, nitasema haloo.