Mfereji wa Kutoa Chumvi Ziwani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya kamati hiyo, wakuu wa idara, wasaidizi wao, wanaokaimu nafasi za wasaidizi wao, na shemeji yangu dobi, aliyesababisha haya yote, hamjambo! (Hatujambo! Sauti: “Fupisha, jua kali!”)

Miaka mitatu iliyopita shemeji alinitupia shati mezani ofisini, limekakamaa kama kadibodi, akasema, “Shemeji, maji ya ziwa hili hayatoi povu. Wateja wananikimbia. Nipatie maji yasiyo na chumvi, la sivyo nafunga duka.” (Vigelegele.) Nami, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana mpaka wizarani, nikaunda kikosi kazi cha fizibiliti, yaani cha kupima kama jambo linawezekana, kikazunguka bahari mbili na maziwa manne, kikalala hoteli za hadhi ya kati tu, na kuthibitisha kitaalamu kwamba mito hubeba chumvi kidogo kidogo kutoka miambani, kwamba jua hunyanyua maji likaiacha chumvi palepale, kwamba bahari ya joto kali na mvua haba huwa na chumvi kuliko ile inayomiminiwa mito mikubwa na barafu iliyoyeyuka, na kwamba ziwa lenye mto wa kutokea huisukuma chumvi yake nje, ilhali hili letu, ndugu zangu, lina milango sita ya kuingilia na hata kidirisha cha kutokea halina! (Makofi. Bibi wa mbele: “Na hilo ulilipia hoteli, mwanangu?”) Ahsante bibi, naona umesoma ripoti.

Ndipo tukabuni Mfereji. Nina furaha kutangaza kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na saba: semina, nembo, fulana, kofia, na utepe huu ambao nitaukata mwenyewe, ingawa daktari amenikataza kuinama. Asilimia tatu iliyobaki ni kuchimba. (Kicheko kirefu.)

(Dobi, amesimama: “Shemeji! Na mimi kesho nifulie wapi, kwenye asilimia?”)

Keti, shemeji. (Dobi: “Siketi!”) Haya, simama. (Kicheko.) Maji ya mvua hayana chumvi, ukurasa wa mia mbili na nne wa ripoti, ukurasa pekee nilioandika mimi. Kuanzia kesho asubuhi tangi la mvua la ofisi yangu ni lako, ufunguo huu hapa, mbele ya watu wote. Mimi nitanawa kwa chai. (Vigelegele. Dobi anachukua ufunguo upesi, asije akabadili mawazo.)

Chumvi! (Itoke!) Povu! (Lije!) Fizibiliti! (Ikome!)

Nawashukuru wahandisi tutakaowaajiri na wachimbaji tutakaowatafuta. Na kwa namna ya pekee namshukuru mwenye shamba hili utakamopita Mfereji, ambaye leo asubuhi aliniuliza kwa upole, “Mfereji gani, mzee?”, kisha akatushikia ncha moja ya utepe.