Karte ya SIM yenye Inasema Nyumba Yangu Haitikisikake

Kolwezi, cité ya Kapata, tarehe ine ya mwezi wa kumi

Kwa Mama Injenia Henriette, mukubwa wa bipimo bya nyumba ku mugodi

Mama mwenye heshima,

Anayekuandikia ni mi, Kazadi Omer, miaka makumi saba na tisa, meno kumi na moja yenye inatumika bado. Nimezika bakapita batano, basimamizi ba kazi yangu. Nimeona mwisho wa kampani ya zamani yenye ilitoa baba yangu Kasai kumuleta hapa ku shaba. Mu 1993, wakati bantu ba Kasai tulifukuzwa hapa, nililala pa gare miezi mbili na muke wangu Mbelu tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, na kisha nikarudi hapa. Sasa usifikiri karte moja ya SIM itanishinda. Masomo yangu ni primaire ya tatu tu, lakini miaka makumi mbili nilivuta nyuzi za telefone za kampani. Mambo ya rezo, ule mtandao wa telefone, hakuna mwenye atanifundisha.

Unajua neno lenyewe. Mugodi wenu unapasua majiwe, na nyumba zetu zinapasuka pamoja nayo. Mulifunga ku kila ukuta kasanduku ka kupima mutikisiko. Ndani kako na karte ya SIM, na karte inatuma habari yenyewe mpaka ku biro yenu. Nyumba yenye inatikisika sana inaandikwa mu listi, na benyewe banapewa nyumba ingine mbele ya mvua kuanza. Yangu haiko mu listi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karte ilichaguliwa na bantu ba biro. Hakuna hata mumoja aliuliza Kapata rezo gani inashikaka wapi. Kwetu hata mbuzi anajua kama rezo yenu haiingiake mu nyumba. Mwenye kuitaka anapanda pa kishuguru, kile kilima cha mchwa nyuma ya choo yangu, ananyoosha shingo. Miezi mbili kasanduku kalinyamaza, na biro ikaandika: "Hakuna habari." Habari ilikuwako! Mukono wangu unaingia mu ufa mpaka ku kiwiko.

2. Karte haina adabu. Niliitoa, nikaitia mu telefone yangu ili nikusalimie. Ikakataa. Tshilombo, mwenye anauzisha bakarte pa barabara, alinicheka: "Tata, hii ni karte ya mashini, haisemake na bantu." Inakaa kwangu, inakataa salamu yangu! Nikairudisha fasi yake, lakini kwa hasira.

3. Polycarpe, dereva wa lori ya Dilolo, iko na karte ku lori yake, ya kuonyesha patron, bwana mukubwa wake, fasi lori iko. Rezo moja ikikufa, karte inashika ingine. Akifika mpaka, inashika ile ya Angola. Na hakuna mwenye anaiuliza baba yako alitoka wapi! Mi nilizaliwa hapa hapa, na bado baliniuliza. Kama karte inaweza kupita mpaka bila karatasi, juu ya nini mulinipa ile yenye haiwezi kupita mulango wangu?

4. Hii inapita zote. Tangu mwezi wa saba karte inasema muzuri, kila siku, bila kukatika. Nikajisifu kwa majirani: "Muone, Kazadi ameshinda rezo." Kumbe inadanganya! Barua yenu inasema: "Nyumba ya Tata Kazadi haitikisikake hata kidogo. Ni imara kupita zote za Kapata." Siku barua ilifika, kipande cha ukuta kilianguka mu sufuria ya Mbelu, katikati ya bukari, ugali wetu. Mi naona hivi: karte ilipokuwa kimya ilikuwa ya kweli. Kisha kuzoea bakubwa ba biro, ikajifunza kuwapendeza.

5. Basi ninaomba mutoe karte, mutie mi fasi yake. Batri yangu inatumika miaka makumi saba na tisa. Kila mara munapasua majiwe, nitaingiza mukono mu ufa, nitapanda pa kishuguru, nitakupigia: "Mama, leo imeongezeka vidole viwili." Mi sidanganyake, tena nasalimiaka.

Salamu kwa bwana yako, kwa batoto, kwa bote ba biro, na kwa mashini yenye inapokea maneno ya karte. Ile haina kosa, inaamini tu yenye inaambiwa.

Mi mwenye kukuheshimu, na niko bado muzima,

Kazadi Omer

N.B. Nimesahau kintu kidogo. Mwezi wa saba nilionea kasanduku huruma, vile kalishindwa kusema pale ku ukuta. Nikakafungua na turnevisi, nikakapandisha pa kishuguru, fasi ya rezo. Kako pale mpaka leo. Mbelu alinikataza: "Omer, kale ni ka kupima ukuta, si ka kupiga telefone." Nikamujibu: mutu wa telefone ni mi. Tangu barua yenu ifike, amebeba mukeka na bulangeti yake, analala pa kishuguru. Anasema ni fasi moja tu yenye mugodi ulipima ukaona haitaanguka. Mama, mvua iko karibu. Ukitaka mushahidi wa haya yote, umuulize yeye. Ni miaka makumi tano, tangu nimuoe, anangoja mutu amuulize.