Kiyoyozi cha Farasi Mmoja na Nusu

Jumamosi, 5 Julai

Joto nyuzi arobaini na moja. Habari njema: wazazi wa Hazem wanakuja Alhamisi kusoma Fatiha, ili Nesrin, binti yangu wa pekee, awe mchumba rasmi. Furaha tele nyumbani. Ikadumu dakika kumi.

Kisha mke wangu Ferial akasema sebule yetu ni tanuri, shughuli itafanyika kwa kaka yake Tharwat, mwenye kiyoyozi cha farasi watatu. Farasi watatu! Hapa Kairo viyoyozi hupimwa kwa nguvu za farasi, na Tharwat hujipima kwa viyoyozi. Binti yangu aposwe chini ya paa la Tharwat? Mtu ambaye siku ya harusi yangu alipita meza hadi meza akiwaambia wageni kuwa dada yake alikuwa anatakwa na daktari?

Nimemjulisha Ferial, kwa utulivu, kwamba kabla ya Alhamisi sebule hii itakuwa na kiyoyozi. Akauliza nitawezaje. Nikasema aniachie mimi. Akasema hapo ndipo anapoanza kuogopa.

Jumapili, 6 Julai

Dukani. Muuzaji akauliza ukubwa wa chumba. Mita ishirini na nne za mraba. Akasema hapo panataka farasi wawili na robo, akataja bei. Nikapaliwa na mate yangu mwenyewe.

Nikatoka nje, nikapiga hesabu ukutani kwa kalamu. Kwa nini nilipoze kabati la vyombo? Kabati halitoki jasho. Nikatoa kabati. Nikatoa meza, sofa kubwa, na ile kona nyuma ya mlango ambako hakai mtu. Zikabaki mita kumi na tatu. Farasi mmoja na nusu anatosha! Nikarudi ndani na kumweleza muuzaji. Akanitazama kwa huruma, akasema, “Pasha,” yaani bwana mkubwa, “hewa haijui kabati.” Nikamkumbusha kwamba kazi yake ni kuuza.

Nimelipa pauni elfu ishirini na mbili. Zilikuwa pesa za meno yangu ya bandia. Si neno, Alhamisi nitatabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

Jumatatu, 7 Julai

Amekuja Fundi Ashur. Nilidhani amekuja kufunga kiyoyozi, kumbe amekuja kunisomea mashtaka. Anapima, anaguna. Anagonga ukuta, anaguna tena.

Kumbe bei ya dukani ni ya kuingilia mlangoni tu. Wanakupa bomba la shaba mita tatu. Kutoka sebuleni kwangu hadi kibarazani, mahali pa mashine ya nje, ni mita tisa. Kila mita ya ziada ina bei yake. Vyuma vya kuibeba mashine vina bei yake. Waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita ya umeme, na swichi yake, vina bei yake. Kutoboa ukuta, vilevile. Ukijumlisha, unakaribia nusu ya bei ya kiyoyozi chenyewe. Nikamuuliza kama kuna chochote cha bure. Akasema ushauri upo. Ushauri wake ni kwamba ningenunua farasi zaidi.

Ferial alikuwa jikoni, akasikia yote, akampigia simu kaka yake. Tharwat amejibu kwamba nisione haya, nyumba yake ni nyumba yetu. Nisione haya!

Jumatano, 9 Julai

Nina akili nyingi sana. Wakati mwingine najishangaa.

Jiko liko nyuma ya ukuta wa sebule. Mashine ya nje ikikaa jikoni, juu ya friji, bomba linalohitajika ni mita mbili tu. Vyuma havihitajiki. Ashur akakataa. Akasema, “Pasha, inaitwa ya nje kwa sababu inakaa nje. Inatapika joto hii.” Nikamwambia jiko lina joto tayari, halitaona tofauti. Akaapa kwa kichwa cha mama yake kwamba hafanyi. Nikamwambia nitamwita fundi mwingine. Akafikiri kidogo, akaomba niandike kwenye karatasi kwamba wazo ni langu. Nikaandika kwa fahari na kutia saini.

Waya mnene pia nimeuruka. Nimechomeka kwenye soketi ya friji. Friji limeshapoa, linaweza kusubiri.

Alasiri kikawaka. Ubaridi! Nimekaa mbele yake na blanketi magotini. Ferial hajui, kutwa nzima yuko kwa dada yake kuazima sahani. Mashine nimeifunika kwa kitambaa cha meza chenye maua.

Alhamisi, 10 Julai

Ferial aliifunua asubuhi. Aliyosema siyaandiki. Lakini Ashur alikuwa hapokei simu aje kuiondoa, na bata wawili walikuwa wanasubiri sufuria.

Tharwat aliwahi kuliko wote. Akakitazama kiyoyozi, akauliza ni farasi wangapi. Nikamwambia. Akauliza ile nusu ni ya mbele au ya nyuma. Nikatabasamu, mdomo umefungwa.

Wageni wakafika saa kumi na moja. Mama yake Hazem, Hajjat Insaf, mwanamke mzito mwenye macho ya upole, alikaa chini ya kiyoyozi na kusema mashallah. Nusu saa ya utukufu! Nilimtazama Tharwat kila baada ya dakika.

Jikoni mambo yalikuwa mengine. Ferial alitoka amewiva uso, akaninong'oneza kwamba sharbati inachemka bila moto na kwamba tutazungumza wageni wakiondoka. Hajjat Insaf kwa wema wake akaenda kumsaidia. Alikaa humo nusu dakika. Alirudi miwani imejaa ukungu, akauliza kwa adabu kama tunaokea mtaa mzima mikate.

Sebule ikaanza kupata joto. Watu kumi na wawili, na wote, nilitambua, walikuwa wamekaa kwenye zile mita nilizozitoa. Nikashusha kiyoyozi hadi nyuzi kumi na sita. Pap! Kikazima. Feni ikazima. Redio ya jirani wa juu ikanyamaza. Kisha ngazini nikasikia jina langu likiitwa kutoka ghorofa zote tano.

Dakika chache tu, tanuri likarudi. Tharwat akasimama, funguo za gari mkononi, akasema jamani kwake kunapoa, twendeni tu. Babake Hazem akaanza kuinuka. Niliumia kweli. Miaka ishirini na minne nimemlea binti huyu ndani ya kuta hizi.

Nesrin ndiye aliyesema. Akasema, “Mjomba, kaa. Mimi naposwa kwa baba yangu.” Hajjat Insaf akavua viatu, akachukua mfuniko wa sufuria, akaanza kujipepea. Akasema naye aliposwa Agosti, kwao Aswan kunakowaka kuliko Kairo, na hakufa.

Fatiha ikasomwa. Sote tulilowa. Ferial, pamoja na yote niliyomfanyia, alipiga vigelegele mpaka majirani waliokuja kunigombeza wakajibu kutoka mlangoni. Nililia. Kwa jasho lile hakuna aliyejua.

Hapo likaja suala la nani atanunua nini kwa nyumba ya maharusi. Kifua kilikuwa kimenijaa. Nikasimama nikatangaza kwamba kiyoyozi ni juu yangu! Hajjat Insaf akauliza, na kukifunga? Nikasema na kukifunga. Tharwat alicheka hadi akaomba maji.

Ijumaa, 11 Julai

Waya wa jengo umeungua. Nimeutengenezesha. Ferial haongei nami, ila kaniwekea paja la bata. Kiyoyozi kimeng'olewa, nimekipangusa na kukirudisha ndani ya boksi lake. Hicho hicho ndicho kitakwenda kwa maharusi. Kimoja, sifa mara mbili.

Jumapili, 13 Julai

Tumekwenda kuona nyumba ya Hazem, mji mpya. Ghorofa ya tisa, haina kibaraza. Ashur amepima, ameguna. Anasema mashine ya nje lazima ifungwe na mtu anayening'inia kwa kamba kutoka kwenye paa, na kwa ghorofa ya tisa mtu huyo hutoza mara mbili.

Kwenye jengo la jirani alikuwepo mmoja wa hao kazini. Nimemtazama robo saa nzima. Sikuona siri yoyote. Ni mtu na kamba. Mtu tunaye: mimi.

Nikirudi nimepitia sokoni, nimenunua kamba. Ya kijani, nzuri sana. Muuzaji kaniuzia nusu ya bei, kwa kuwa imechanika kidogo, tena mahali pamoja tu.