Mkalimani wa Baba Askofu

Jumanne, 2 Septemba

Nimerudi kutoka Ukunda, semina ya wasomaji wa kanisani. Chai ilikuwa nzuri. Mengine nilisinzia, mpaka Padre Japheth alipomtaja Wiliamu wa Moerbeke. Mtawa Mdominika, karne ya kumi na tatu. Alifasiri vitabu vya Aristotle kutoka Kigiriki hadi Kilatini ili wanateolojia wenzake wavisome. Neno kwa neno, Padre akasisitiza, bila kuongeza lake. Mwishowe akafanywa Askofu Mkuu wa Korintho.

Ukumbi mzima hakuna aliyeshtuka. Mimi nilishtuka. Unafasiri, unapewa cheo! Njia iko wazi namna hiyo na watu wanakula mahamri.

Maana kigango chetu hapa Kinango hakina mwenyekiti. Yule wa zamani amehamia Lunga Lunga kwa binti yake. Jumapili Baba Askofu anakuja kutoa Kipaimara, na baada ya Misa tutamchagua mpya kwa kuinua mikono, yeye mwenyewe akishuhudia. Nakitaka kiti hicho. Nimesoma masomo altareni tangu ujana wangu na bado naitwa Tsuma tu. Muumini mwenzangu Mwinga, kwa kuwa ana punda wa kubebea maji, anaitwa mheshimiwa. Inaniuma.

Jumatano, 3 Septemba

Kikwazo: mkalimani ni Mwinga. Kwetu padre huhubiri kwa Kiswahili, na mtu husimama ubavuni mwake akigeuza kwa Kiduruma, wazee wasiachwe nyuma. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu zetu.

Nikamwendea Padre. Nikamweleza, kwa masikitiko, kwamba tafsiri za Mwinga ni fupi mno. Padre akasema mahubiri yake nayo ni mafupi. Nikamkumbusha Wiliamu. Padre akafumba macho kidogo, kisha akasema haya, Jumapili nitafasiri mimi, mradi iwe neno kwa neno.

Mwinga hakukasirika. Alisema afadhali, maana siku hiyo atakuwa na kazi ya kuwaletea wageni maji, bwawa limekauka upande wa karibu. Hakukasirika hata kidogo! Kuna kitu anapanga.

Ijumaa, 5 Septemba

Mazoezi. Mke wangu Mercy amekubali kuwa Baba Askofu, ila aendelee kupukuchua mahindi. Akahubiri kwamba kuni zimekwisha na kuna mwanamume amekaa tu. Nikageuza kwa Kiduruma: heri mke asiyenung'unika. Nilisahau kwamba Kiduruma ni lugha ya mama yake. Nimekula ugali mkavu.

Si kitu. Nimegundua Wiliamu alikosea wapi. Hakuongeza hata neno, ndiyo maana ikambidi aende mpaka Korintho kutafuta cheo. Mimi nitaongeza sentensi moja. Ndogo. Nipate cheo changu papa hapa nyumbani.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekwenda kwa hawe Mbeyu, yaani bibi kwa Kiduruma, mkongwe kuliko wote kanisani. Nikampa shikamoo, nikamwomba kesho akae mbele na wenzake ili wasipitwe na tafsiri. Akauliza Mwinga anaumwa nini. Nikasema haumwi. Akauliza basi kama mimi ndiye ninayeumwa. Halafu akataka kujua nitazungumza muda gani, maana magoti yake na yale mabenchi hayapatani.

Wazee ni wa kuvumiliwa tu. Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisa lilijaa mpaka nje. Baba Askofu akahubiri kwa Kiswahili kizuri, akitua kila baada ya sentensi ili nigeuze. Nikageuza. Mambo yakaenda vizuri ajabu. Kisha akasema kiongozi ni mtumishi, tuwaheshimu wale wanaotutumikia kimya kimya.

Hapo hapo! Nikageuza lote, nikaongeza: kama huyu aliyesimama kando yangu, ambaye mtamchagua leo.

Hawe Mbeyu akacheka. Akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Benchi zima likafuata, halafu kwaya, halafu watoto wa Kipaimara.

Baba Askofu akamuuliza kwa upole ni nini kinachochekesha. Hawe akainuka, akajibu kwa Kiswahili fasaha kunipita mimi. Alisema, Baba, sisi sote hapa tunakisikia Kiswahili. Mkalimani tunamwacha aseme kwa heshima ya lugha yetu kutajwa kanisani, na sisi tunapata nafasi ya kupumzika. Ila leo huyu ametuamsha. Kisha akamweleza Askofu sentensi yangu. Neno kwa neno. Hakuongeza kitu.

Baba Askofu akanigeukia. Kanisa zima likaniangalia. Sikujua la kufanya. Nikageuza maneno ya hawe kwa Kiduruma.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa ukame huu ilikuwa imeshapasuka, lakini si vya kutosha.

Uchaguzi: Mwinga. Hata hakuwapo, alikuwa nje akishusha mitungi. Hawe akainuka tena, na magoti yake hayo hayo. Akapendekeza kwamba mimi, kwa vile ninapenda kufanya nisichotumwa, nimsaidie mwenyekiti kuteka maji ya kanisa mpaka mvua inyeshe. Mikono yote juu. Mercy aliinua miwili.

Jumatatu, 8 Septemba

Mwinga amekuja alfajiri na punda. Ameniamkia vizuri, akanionyesha jinsi ya kufunga mitungi isimchubue mnyama. Hakunicheka. Ingekuwa nafuu angenicheka.

Njiani nimetafakari. Mwinga alipata mikono mingi. Mimi nilipata yote. Kwa hesabu yoyote, aliyechaguliwa kwa kishindo jana ni mimi. Wenzangu hawajaliona hilo bado.

Na kosa langu nimelijua. Si kuongeza sentensi. Kosa ni kwamba watu walizielewa lugha zote mbili. Mkalimani hawezi kufanya kazi katika mazingira kama hayo.

Sasa Padre Japheth ametangaza kwamba Desemba kuna padre mgeni atakayetutembelea, Mwitaliano mzee, hajui Kiswahili wala Kiingereza. Padre anauliza kama parokiani kuna yeyote anayekijua Kiitaliano. Nimeulizia kila mahali, mpaka kwa mawakala wa pesa kule sokoni. Hakuna hata mmoja.

Nami sikijui. Nimempigia simu Padre, nimemwambia ninakijua.