Amplifaya ya Baba Millicent Inanuka Moto

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Mume wangu Opicho ameshusha gitaa kutoka juu ya kabati. Wakwe wanakuja Jumamosi kumposa Millicent wetu, na baba mtu anataka kumpigia msichana wake. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe sijamwona hivyo. Akawasha ile amplifaya ya balbu iliyo kona ya sebule. Ikanguruma polepole kama mzee anayeamka, na mimi nikaurudia usichana wangu kabisa. Mara ya kwanza kuiona ilikuwa ukumbini alikokuwa akipiga dansi, Julai ya baridi. Nilisimama karibu nayo kuota moto. Opicho akadhani nimempenda yeye. Yeye nilimpenda baadaye.

Wimbo wa pili, harufu. Kisha moshi. Opicho akazima. Akasema ikikataa Jumamosi atauza gitaa na mashine pamoja, mambo ya ujana yaishe. Nikamwambia hakuna atakayeuza kitu.

Jumanne, 6 Agosti
Mama Shiru wa mlango wa pili amekuja kuomba chumvi. Chumvi gani, alisikia harufu. Amesema mwanawe Ngigi ana spika mpya na kaseti, tutapewa, maana gitaa la wazee litawalaza wakwe. Nimemshukuru. Chumvi nimempa kidogo sana.

Sasa mpango. Opicho hataki fundi aiguse. Alisema heri iungue. Basi ametoka tu kutafuta kibarua Industrial Area, mimi nimeifunga mashine kwa shuka, nikaita mkokoteni hadi Kiamaiko, kule kwenye machinjio ya mbuzi, kwa Otiende, fundi wa redio. Njiani wameniuliza kama ni mbuzi. Nikasema ndiyo.

Otiende amenionyesha rezista, kidude kama punje ya maharagwe, kimeungua cheusi. Ati kazi yake ni kuzuia umeme usiingie kwa pupa. Ametia mpya. Tumeiacha iwake pale kibandani mpaka nikasinzia. Haikunuka.

Nimeirudisha kabla Opicho hajafika. Nimeipangusa, nimeivisha vitambaa vyake nilivyofuma mwenyewe, kile cha njano juu ya kile cheupe. Hakujua kitu.

Jumatano, 7 Agosti
Imenuka tena. Wimbo wa pili vilevile. Opicho amebaki na gitaa mapajani kama amepakatishwa mtoto wa watu.

Alhamisi, 8 Agosti
Mkokoteni tena. Otiende ametia rezista nene zaidi, akapima balbu zote, nzima. Akaniuliza kama umeme wa nyumbani kwetu una wazimu. Nikamwambia sisi tunakaa Komarock, umeme wetu una adabu. Pale kwake imelia vizuri, hata muuza matumbo akaacha wateja akaja kusikiliza.

Nyumbani nimeisukuma ikabana ukuta, isipigwe na vumbi la mlangoni. Nikaivisha vizuri. Jioni, moshi.

Nimelia chooni. Mama Shiru ametuma salamu, ati Ngigi ataleta spika mapema.

Ijumaa, 9 Agosti
Otiende alisema lazima aone nyumba yenyewe. Na Opicho leo hakutoka. Nikamwambia huyu mgeni ni ndugu wa jumuiya, amekuja kutuombea. Opicho akavua kofia, akasema basi tuombe.

Otiende akaomba. Akaombea nyumba, akamwombea Millicent na ndoa yake, kisha akamsihi Mungu aitazame ile rezista ya upande wa kushoto. Opicho akafungua jicho moja.

Nilijua nimekwisha. Lakini Otiende macho yake yalikuwa konani. Akainua kitambaa cha njano. Akainua cheupe. Chini yake kuna matundu. Akaniuliza, Mama Millicent, mashine inapumulia hapa, sweta mbili za nini? Nikamwambia kwangu kila kitu kinavaa, redio inavaa, hata chupa ya chai inavaa. Opicho akasema yeye aliacha kuviona vitambaa mwaka ule tuliooana. Akacheka mpaka akakohoa. Hata kugombana juu ya fundi akasahau. Akamshikia tochi mwenyewe, rezista ikabadilishwa, mimi nikachemsha chai.

Jumamosi, 10 Agosti
Alipiga. Mashine uchi, katikati ya sebule, wageni wote wanaiona. Aibu niliimeza. Alipiga zile za ukumbini. Sauti imepasuka kidogo, vidole vimekuwa vizito. Mimi sikusikia kasoro. Millicent alilia, shangazi za kijana wakacheza mpaka meza ikahama. Mama Shiru alicheza kuwashinda. Wageni walipoondoka Opicho hakulirudisha gitaa juu ya kabati. Aliliegemeza kitandani, upande wangu.

Jumapili, 11 Agosti
Otiende amepita baada ya kanisa. Ametuletea kifeni kidogo, amekichomoa kwenye mashine mbovu, kiwe kinapuliza amplifaya ikiwaka. Ameniuliza kama nimeelewa sasa. Nimemwambia nimeelewa sana, mashine ya moto haitaki nguo.

Lakini hicho kifeni hakina moto. Kiko wazi mbele na nyuma, vumbi litakiua. Nina uzi wa bluu. Kitambaa chake nimeshafika nusu.