Paulina Karudi kutoka Denmark, Nikamfungia kwa Kufuli

Ndugu zangu, leo nimefanya ujinga ambao hata mimi mwenyewe sikujua ninao. Nimemfungia mdogo wangu wa damu ndani ya nyumba, kwa kufuli, mchana kweupe. Hajaiba. Hajanikosea. Kosa lake ni kurudi nyumbani.

Naandika haya nikiwa nimekaa nyuma ya banda langu la kuku. Banda ni tupu. Mkifika mbele mtaelewa kwa nini.

Kwa wasionijua, nauza kuku na mafuta ya alizeti hapa njia panda ya Mkiwa. Basi likisimama nakimbilia madirishani na jogoo mkononi kama wenzangu wote. Nilimaliza kidato cha nne nikaona inatosha. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Dodoma, na nilirudi siku hiyohiyo kwa sababu sikuyapenda maji yao. Paulina ndiye aliyepewa miguu ya ukoo mzima. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo mlezi wake ni mimi (mtoto maskini). Anasoma chuo Dar es Salaam, na chuo chake kikampeleka Denmark kusoma biashara na sayansi ya jamii. Muhula mmoja tu. Aliniambia mwenyewe, kwa Kiswahili, na nilielewa.

Tatizo ni kwamba muhula mmoja hauna uzito barabarani.

Alipoondoka, mtu wa kwanza aliniuliza anarudi lini. Nikasema mwaka huu tusimtegemee. Akatikisa kichwa kwa heshima, na ile heshima ikawa tamu. Aliyefuata nikamwambia miaka miwili. Habari ilipomfikia Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ilikuwa imeshakua mpaka minne. Wakauliza hiyo sayansi ya jamii ndiyo nini. Nikasema ni kama udaktari, ila wa watu wengi kwa mpigo. (Nisameheni. Swali lilikuja ghafla na nilikuwa nimeshika kuku wawili.) Mzee Yona, ambaye goti lake linamsumbua tangu nikiwa mdogo, akasema basi, atalivumilia hiyo miaka minne.

Wakaanza kuniita Denmark. Nikienda mkutano wa kijiji napishwa kiti. Watu wakaanza kuja kuniuliza mambo ya mipaka ya mashamba, mimi ambaye la kwangu mwenyewe nalima kwa kukisia. Na nikawa nawajibu!

Mpango nilikuwa nao. Paulina angerudi Dar, angeendelea na chuo, na hadi aje huku likizo ningekuwa nimeshaipunguza ile miaka polepole, mmoja mmoja, bila mtu kugundua.

Leo asubuhi simu ikalia. Ni yeye. Yuko kwenye basi la usiku kutoka Dar, wameshapita Manyoni. Alikuwa ametaka kunishtukiza, akashindwa kuvumilia.

Asihofu, nilishtuka vya kutosha.

Sasa muelewe hofu yangu, maana haikuwa ya kiti cha mkutano peke yake. Hapa kwetu msichana aliyeaga kwa miaka minne akirudi ndani ya mwaka, hakuna atakayemuuliza kitu. Wataangalia tumbo. Wasipoliona wataanza kunong'ona kwamba kafukuzwa. Jina la mdogo wangu lilikuwa linakwenda kuchafuka asubuhi hii, na aliyelipaka matope ni mimi, nikiwa nimesimama pale barabarani nasubiri basi na khanga kwapani.

Khanga? Ya kumfunika.

Aliposhuka nilimkumbatia na kumfunika kwa mkupuo mmoja, kichwa mpaka kidevu. Nikamwambia kuna vumbi. Akacheka, akasema kaka hujabadilika, unanilea kama kifaranga. Badala ya kupita barabara kuu nikampitisha nyuma, katikati ya shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Alikuwa na begi lile la magurudumu. Magurudumu ya Denmark na visiki vya alizeti havijuani kabisa. Nikalibeba kichwani. Yeye akawa ananifuata nyuma anauliza kwa nini hatupiti kwa watu, awasalimie. Nikasema ni njia ya mkato. (Njia hiyo inazunguka kijiji kizima.)

Tukakutana na Mzee Yona, anachechemea na mbuzi wake. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka ndani ya khanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," akajibu Mzee Yona, akasimama. Akaniuliza mgeni ni nani. Nikasema ni mwinjilisti kutoka Manyoni, ana mafua. Mzee Yona akatazama begi, akatazama khanga, akasema Mungu amponye. Tukaenda. Nilihisi macho yake mgongoni mpaka tulipoingia uani.

Ndani, Paulina hakukaa hata kwenye stuli. Akafungua begi sakafuni akaanza kutoa zawadi: biskuti za kopo, soksi nene, kofia za sufu. Kila kimoja kina mwenyewe. Hii ya Mzee Yona. Hii ya mchungaji. Soksi nzuri kuliko zote, nyekundu, ni za Mama Zuhura, maana mama yetu alipofariki, uji wa asubuhi Paulina aliunywa kwa Mama Zuhura mpaka akamaliza darasa la saba. Akasimama, akasema anakwenda kumsalimia sasa hivi.

Nikasema Mama Zuhura kaenda mnadani.

Akasema basi anakwenda kwa mchungaji.

Nikasema naye kaenda mnadani.

Akaniangalia. Nikamwambia apumzike, safari ya ndege inachosha damu. Akasema ndege alishuka juzi na amelala Dar kwa shangazi mpaka mgongo ukauma. Nikasema basi nakwenda kumletea soda, nakuja sasa hivi. Nikatoka. Na hapa ndipo mkono wangu, bila kuniuliza, ulipotoa kufuli mfukoni ukalibana kwenye mlango.

Nilijiambia ni dakika chache tu. Nipate soda, nipite kwa mchungaji aniazime maneno. Soda nikapata. Mchungaji sikumkuta (kumbe kweli alikuwa mnadani). Nikarudi polepole, natunga. Nilishafikia kwamba chuo kimefungwa kwa sababu ya theluji, bado tu kuamua theluji inachukua miaka mingapi kuyeyuka, ndipo nikasikia vilio.

Nikakaza mwendo. Vilio vilikuwa upande wa kwetu. Nikaona vijana wamebeba mabenchi ya kanisa. Wengine wanafunga turubai kwenye mti. Wanawake wamekaa chini na khanga vichwani. Moto umeshawashwa, na sufuria lile kubwa la kukodi liko juu ya mafiga.

Yote hayo uani kwangu.

Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa Mzee Yona. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Denmark. Jikaze. Ndiyo kazi ya Mungu. Binti yetu katutoka."

Ndugu zangu, hapa sitanii. Nilichokiona kichwani ni kufuli. Nilimwacha mzima, nimemfungia, dirisha lile nililipigilia mbao mwaka jana kwa ajili ya wezi. Labda moshi. Labda nyoka. Labda alianguka, akaita, na mwenye ufunguo yuko dukani anachagua soda. Zile soda hata sikuzitupa, nilikimbia nazo. Nikawapita watu wananishika mabega wakidhani uchungu umenipanda. Ufunguo ukagoma mara mbili. Kufuli likaachia.

Mlango ukasukumwa kutoka ndani, ukanipiga usoni.

Paulina akatoka. Ametota jasho, amekasirika, soksi nyekundu mkononi.

Sikuwahi kuona uwanja unakuwa mtupu haraka namna ile. Mabenchi yalipinduka. Mwanamke aliyekuwa analia kuliko wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka ua. Mzee Yona, na lile goti, alikuwa wa tatu barabarani. Akabaki mtu mmoja tu uani, Mama Zuhura, na nadhani ni kwa sababu khanga yake ilinasa kwenye benchi.

Basi tukajua kilichotokea. Mama Zuhura alikuwa anaanua nguo akasikia vyombo vinagongana ndani kwangu. Mlangoni kuna kufuli, na kufuli nje maana yake ndani hamna mtu. Akasogea akauliza nani humo. Ndani ikatoka sauti ya Paulina, ambaye yuko Denmark kwa miaka minne: "Shikamoo Mama Zuhura. Ni mimi Paulina. Nimefungiwa huku, kuna giza, nitoe." Mama Zuhura hakusubiri zaidi. Kwa akili yake, mtoto amefia ugenini na roho imekuja kuaga. Akapiga yowe. Yowe likaleta watu, watu wakaleta mabenchi. Kila Paulina alipogonga mlango, wao wakazidi kulia. Naye humo ndani, akisikia vilio vile, alidhani aliyekufa ni mimi. (Alinililia, jamani. Alinililia nikiwa dukani.)

Mama Zuhura alimkaribia polepole. Akamfinya shavu. Akamfinya tena. Akamkumbatia, wakalia wote wawili, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wale wajasiri kwanza. Mzee Yona akasema kwamba yeye tangu shambani alishajua yule si mwinjilisti.

Kisha Mama Zuhura akajifuta macho, akauliza swali ambalo nililijua linakuja.

"Miaka minne imekwishaje, mwanangu?"

"Miaka minne ipi, mama? Nilikwenda muhula mmoja. Kaka anajua."

Hata sufuria nilihisi limeacha kuchemka. Uso mmoja ukanigeukia, halafu wa pili, halafu yote. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na theluji yangu tayari mdomoni. Nikabaki nimezishika soda zangu mbili kama mtu anayesubiri basi.

Paulina hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliniuliza taratibu, mbele ya watu wote.

"Kaka, ile khanga ilikuwa ya vumbi kweli? Au uliona aibu nimerudi?"

Nilijibu kwamba hapana, nilikuwa namlinda asisemwe vibaya. Akauliza nani angemsema vibaya, na kwa lipi. Hapo ikabidi niseme. Nikayataja yote, miaka, udaktari, kiti cha mkutano, kwa sauti ya mtu anayeungama huku wenye sikio wamesogea karibu. Kuna aliyecheka. Paulina hakucheka.

Akasema kule darasani waliambiwa kila mmoja aeleze biashara anayoijua vizuri. Wenzake walieleza makampuni. Yeye alieleza banda langu: basi linasimama muda gani, namna ninavyojua abiria gani atanunua na gani anapoteza muda wangu, kwa nini simuuzii mtu kuku mgonjwa hata akiwa hatanikumbuka. Alionyesha picha yangu ukutani, kubwa, nimeshika jogoo, na ile kofia yangu yenye tundu. Mwalimu wao akauliza huyu ni nani. Akasema huyu ni kaka yangu, ndiye aliyenifundisha biashara kwanza.

Hakuificha hata kofia.

Nilitaka kumwomba msamaha palepale ila kuna mtu alikuwa ananivuta shati. Ni Mzee Yona. Alitaka kujua kama kuhusu lile goti kuna lolote. Paulina akamshika mkono, akamkalisha, akamvalisha kofia ya sufu, akamwambia waende wote kituo cha afya kesho. Mzee akaridhika kabisa. Miaka minne ya uongo wangu ikatibiwa na kofia.

Halafu ikaja habari ya chakula. Watu waliokuja kulia hawaondoki na njaa, hiyo mnaijua. Wanawake walikuwa wameshachinja. Wamechinja nini? Kuku waliokuwa karibu. Banda zima, pamoja na jogoo wa kwenye picha. Watu wakala vizuri tu, wakicheka, wakinipongeza kwa msiba mzuri. Paulina aligawa zawadi zake, akanipita na sahani ya ugali bila kuniangalia. Baadaye akarudi akaniwekea kipaja kimoja. Nimekila hapa nyuma ya banda, na sijawahi kula kuku mgumu namna ile.

Nimemwomba msamaha jioni hii. Amesema ameusikia, ila kesho asubuhi nitapita naye nyumba kwa nyumba, barabara kuu, bila khanga, na kila mlango nitasema mwenyewe ni muhula mmoja. Nimekubali. Nimemuuliza kama amenisamehe, akasema tutaongea tukimaliza nyumba ya mwisho. Mnaonijua naomba mkinikuta njiani msiniite Denmark.

Mama Zuhura alikuwa wa mwisho kuondoka. Alipita hapa nilipokaa, soksi nyekundu miguuni na kandambili juu yake. Nikamwamkia. Akaitikia, maana marahaba hainyimwi mtu. Akanitazama kwanza juu mpaka chini, ndipo akasema:

"Mtoto kaenda Denmark huko kwenye baridi, karudi na akili zake zote. Wewe umeshinda hapahapa Mkiwa siku zote, za kwako zimekwenda wapi?"